Kikosi cha Sita cha Keya: Askari wa Nani?

Katika tarikhi ya majeshi ya Afrika ya Mashariki ni nadra kupata kikosi kilichozaliwa kwa ajabu kama Kikosi cha Sita cha Keya, kwa kuwa wengi wa askari wake wa kwanza walikuwa mateka. Waingereza waliliunda jeshi lao la King's African Rifles tarehe 1 Januari 1902, kwa kuunganisha askari wa Nyasa, Kenya, Uganda na Somalia, na wazee wetu, ambao hawakuwa na wasaa wa kutamka jina refu kiasi hicho, walilifupisha likawa Keya. Kikosi cha sita cha awali kilikuwa cha Wasomali, nacho kilivunjwa mwaka 1910. Namba yake ikabaki haina watu hata mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipojazwa na watu ambao juzi tu walikuwa wakimpigania Kaiser wa Ujerumani.

Vita vile vilipita hapa hapa kwetu Shinyanga. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliitwaa Mwanza, kisha wakashuka kusini kwa njia ya Shinyanga, wakiwamo askari wa Keya kutoka Uganda, wakiiwania Tabora. Lakini Wabelgiji wa Jenerali Tombeur, waliokuja na jeshi lao la Kongo, waliwatangulia kuingia mjini tarehe 19 Septemba. Upande wa Wajerumani walikuwamo Wanyamwezi na Wasukuma wengi, watu ambao babu zao walizoea kwenda pwani na kurudi kwa upagazi kabla Mjerumani hajaonekana, na ambao kwao safari ndefu yenye mzigo na mkataba haikuwa jambo geni. Walipotekwa, wengi walijiandikisha upya kwa Mwingereza. Wapo watakaosema huo ni usaliti, nami sikubali: askari yule hakuwa na dola yake ya kuisaliti, maana dola zote mbili zilikuwa za wageni, na alichokuwa nacho yeye ni kazi aliyoijua, aila ya kulisha, na ujira ulioahidiwa. Hivyo ndivyo watu wa nchi moja walivyowindana msituni kwa amri za Wazungu wawili, hata Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Baada ya hapo Kikosi cha Sita kilikuwa cha Tanganyika, na vilipozuka vita vya Hitler kijana wa Didia, Tinde au Samuye, akiisha kuandikishwa, alipanda gari la moshi Shinyanga, kwa reli iliyokuwa imefika Mwanza mwaka 1928, akashuka Tabora na kuendelea hata pwani. Watanganyika wapatao 87,000 walitumika katika vita vile, wengine kwa bunduki na wengine kwa sururu na mizigo. Kikosi cha Sita kilipelekwa kwanza Uhabeshi kupigana na Waitalia, na huko, tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito, lilitokea jambo lililolipa jina lile umaarufu. Vifaru vya Waitalia vilitokeza ghafula kichakani vikawaelemea askari waliokwisha kuvuka mto, wasio na silaha ya kuvizuia. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alikirukia kifaru kimoja kutoka nyuma, akafungua kifuniko cha juu, akawapiga kwa bastola waliokuwamo ila dereva, akamlazimisha huyo kukiendesha hadi mahali pa kujificha. Bunduki ya kifaru ikakataa kumtii, akatoka akavifuata vingine kwa miguu, na alipokwisha kukipanda cha pili akauawa. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa, naye aliistahiki. Katika vita hivyo hakuna askari Mwafrika hata mmoja wa Keya aliyepewa nishani hiyo, na msomaji ana haki ya kujiuliza kama ushujaa uligawanywa kweli kwa kipimo hicho.

Kutoka Uhabeshi kikosi kilivuka bahari. Mwezi wa Septemba 1942 kilikuwa katika brigedi iliyoteremka Majunga, kisiwani Madagaska, kupigana na Wafaransa waliokuwa upande wa serikali ya Vichy, na kabla mwezi haujaisha Tananarive ilikuwa imetwaliwa. Ndugu zao wa vikosi vya 26 na 36, vilivyoundwa Tanganyika wakati wa vita, walikwenda mbali zaidi, Burma, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliyovaa nembo ya kichwa cha kifaru, yule mnyama. Divisheni ile ililishika bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika, majira ambayo majemadari wengi waliamini hayafai kwa vita, njia zikiwa matope matupu na homa ikiangusha watu kuliko risasi, ikawasukuma Wajapani hata ikafika Kalemyo mwezi wa Novemba na Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwanzo wa Desemba. Vikosi vya Tanganyika vilipelekwa pia Kenya, Waingereza walipotangaza hali ya hatari mwaka 1952, kuwapiga Mau Mau. Hapo Mwafrika alitumwa kumpiga Mwafrika aliyekuwa akidai ardhi yake, na sina la kukisifia kikosi katika hilo.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961 kilichobadilika kilikuwa jina na bendera. Kikosi cha Sita kikawa cha kwanza cha Tanganyika Rifles, kikikaa Dar es Salaam katika kambi iliyoitwa Colito kwa kumbukumbu ya vita vile vya Uhabeshi, na cha pili kikakaa Tabora. Maofisa wakubwa walibaki Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi, wakawakamata maofisa hao, wakidai waondolewe na mishahara iongezwe, na siku iliyofuata Tabora nayo ikawaka. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada kwa wale wale aliopokea kwao uhuru, na tarehe 25 Januari wanamaji wa Kiingereza walishuka kambini kwa helikopta wakawanyang'anya silaha. Kikosi kilichoundwa na Waingereza kikamalizwa na Waingereza.

Husimuliwa kwamba katika mwaka huo huo Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Lettow-Vorbeck mishahara yao iliyolimbikizwa, wakakusanyika Mwanza wazee wapatao 350, wachache tu wakiwa na vyeti. Basi kila asiye na karatasi alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea. Hata kama kisa kimetiwa chumvi kidogo, kinaonyesha kuwa deni la askari halikufutika kwa miaka 46, ilhali vijana waliodai lao kwa mtutu walifukuzwa jeshini.

Jeshi jipya, JWTZ, lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, nayo kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani la Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Kwa mara ya kwanza kambi ile ikabeba jina la ushindi wa watu wa nchi hii. Jeshi hilo lilijaribiwa mwishoni mwa Oktoba 1978, Idi Amin wa Uganda alipoivamia Kagera. Amin naye alitoka Keya, aliyojiunga nayo mwaka 1946, ingawa alipenda kujigamba kuwa alipigana Burma katika vita vilivyokwisha mwaka mmoja kabla. Safari hii askari na mgambo waliotoka Shinyanga na mikoa mingine walikwenda kupigania ardhi yao wenyewe, na kwa hukumu yangu ndivyo vita pekee kati ya vyote hivi ambavyo mtu wa Didia hakuwa na haja ya kuuliza anampigania nani.

Jemadari wa Divisheni ya 20, iliyopita Lukaya mwezi wa Machi 1979 na kuingia Kampala mwezi uliofuata, alikuwa David Msuguri wa Butiama. Aliingia Keya mwaka 1942, akapigana Madagaska kama askari wa Mfalme, akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Tanzania tangu mwaka 1980 hadi 1988, na alifariki mwezi wa Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104.