Lita Ngapi za Mafuta Hadi Ziwa la Ndege?

Mvua za vuli zinapoanza Gitega, baridi nayo huingia Ulaya, na ndege wa huko hushuka kwetu. Kuanzia Oktoba mbayuwayu hujipanga kwenye nyaya za umeme, na keremkerem hupita juu ya mashamba wakiitana. Haya ndiyo majira ambayo klabu ya watazama ndege hutaka kutoka kwa pamoja. Kutoka Makebuko, hapa Gitega, zipo njia nne zenye maana, na kila moja ina bei yake.

Nimepima kwa lita badala ya faranga, maana bei ya pampu na bei ya vidumu si moja, na zote mbili hazikai. Nimekadiria Hiace ya abiria 14 inayokula lita 12 kwa kilometa 100. Kipimo cha pili ni alfajiri. Ndege huimba na kula kunapopambazuka, na ikifika saa nne wengi wamenyamaza. Anayefika saa tano amelipa nauli kamili akaikuta karamu imekwisha. Kwa hiyo nauliza jambo moja kwa kila safari: nimelipa kiasi gani kwa alfajiri moja niliyokuwa mahali penyewe?

Kwa mafuta tu, msitu wa Kibira ni rahisi. Ukipita Muramvya hadi upande wa Teza, kwenye mashamba ya chai, kwenda na kurudi ni kama kilometa 200: lita 24, chini ya lita mbili kwa kila mtu. Msitu ule umeungana na Nyungwe ya Rwanda, na ndani yake wamo ndege wa milima ya Bonde la Ufa la Magharibi ambao huwezi kuwaona kwenye tambarare. Lakini msitu haupokei watu 14. Njia ni nyembamba, ndege wako juu kwenye matawi, na anayetembea nyuma ya mstari huona migongo ya wenzake. Kwa watu watano au sita wenye darubini zao ni safari bora kabisa. Kwa klabu nzima ni hasara hata ikiwa rahisi. Tena alasiri za Novemba mvua hunyesha na baridi ya juu ya meta 2,000 si ya mchezo.

Rusizi, penye delta karibu na Bujumbura, ni kama kilometa 260 kwenda na kurudi, lita 31 hivi. Ndege wa maji ni wengi: mwari, mnandi, na wale wa pwani waliotoka kaskazini. Ila kulala Bujumbura ni ghali kuliko mikoani, na ukitaka kurudi siku hiyohiyo utaikosa alfajiri. Rusizi namwachia mtu aliyekwenda Bujumbura kwa shughuli zake akaongeza asubuhi moja.

Ruvubu ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini, zaidi ya hekta 50,000, iliyotengwa mwaka 1980, na orodha yake ya ndege inapita aina 400. Kwetu si mbali. Lakini humo mna nyati na viboko, kwa hiyo hutembei bila askari wa hifadhi, na barabara za ndani wakati wa mvua zinataka gari la kuvuta magurudumu yote manne. Kukodi magari mawili au matatu ya namna hiyo kunapandisha mchango kuliko safari nyingine yoyote hapa. Mkiwa na usiku mbili na mfuko uliochangiwa tangu Januari, nendeni. Msiende kwa haraka.

Linabaki Rwihinda, Ziwa la Ndege, karibu na mji wa Kirundo, na hapo ndipo ningepeleka klabu. Kupitia Karuzi na Muyinga, tukadirie kilometa 400 kwenda na kurudi pamoja na mizunguko: lita 48, karibu tatu na nusu kwa kila mtu. Ndiyo, ni mafuta maradufu ya Kibira. Lakini ziwa liko wazi, na watu 14 wote wanaona kitu kilekile kwa wakati uleule. Kulastara amesimama pembezoni mwa mafunjo bila kutikisika. Mdiria anatumbukia na kutoka na kisamaki. Kuna ndege mmoja wa rangi ya kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, na kila jani linazama kidogo chini yake kabla hajahamia jingine. Mtu asiye na darubini kabisa anaweza kumfuata kwa macho. Na ukibahatika utamwona korongo taji, umusambi wetu, ambaye tangu 2012 ametajwa duniani kuwa hatarini kutoweka.

Mtumbwi hulipiwa mzima, si kwa kichwa. Pangeni watu wanne wanne, muafikiane bei kabla ya kupanda, na msimbane mpiga kasia: yeye ndiye anayejua viota viko wapi na ndiye atakayevilinda mkiondoka. Kiingilio lipeni kwa maofisa wa OBPE, ofisi ya taifa ya kulinda mazingira, na mdai risiti.

Kuhusu gari, Probox ya abiria wanne inayokula lita 7 itawatoza lita saba kila mmoja kwa njia hiyohiyo, mara mbili ya Hiace. Coaster ya watu 25, kwa lita 18, inashuka hadi karibu tatu, lakini akiba ya nusu lita haifai ikiwa viti kumi ni vitupu au gari limekwama kwenye tope. Jambo zito zaidi ni mkataba. Miaka hii ya uhaba, bei "bila mafuta" ni mtego: dereva anafika Kirundo, pampu ni kavu, na klabu inalazimika kununua vidumu kwa bei yoyote. Kubalianeni bei "pamoja na mafuta ya kurudi", tangi lionekane limejaa kabla ya kuondoka, na nusu ya malipo ibaki hadi mmerudi Makebuko.

Kuhusu siku ya kuondoka, Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii na magari hayapiti ovyo. Kuondoka Ijumaa baada ya swala kunampotezea mwalimu na mfanyabiashara nusu siku ya kazi. Mimi ningeondoka Jumamosi saa tano, nilale Kirundo, niwe ziwani Jumapili kabla ya jua. Wanaotaka ibada ya Jumapili ndio wenye haki ya kuchagua Ijumaa, na klabu iwaulize mapema.

Darubini zisiwatie hofu. Mbili za 8x42 zinatosha watu watano. Gawanya 42 kwa 8 upate 5 na kitu: ndio upana wa mwanga unaofika jichoni, kwa milimita. Ile ndogo ya 10x25 inakupa 2.5 tu, na alfajiri utaona giza. Zile zinazouzwa sokoni zimeandikwa 30x60 huku zinaingia mfukoni, msizitolee pesa yenu. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki, kinachoihusu Burundi pia, nakala moja ya klabu inatosha. Programu za simu za Merlin na eBird ni za bure. Zipakueni mjini penye intaneti nzuri, kabla ya kupanda gari.