Busia ilinifunza nini kuhusu ualimu

Kila matokeo ya mitihani yakitoka na Pwani ikaonekana nyuma, mazungumzo ya barazani huwa yale yale. Mmoja atasema shule hazina vitabu. Wa pili atasema walimu wamezembea, wapewe marupurupu ya kuwatia moyo. Wa tatu atasema wapelekwe semina. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka kadhaa nilifundisha Kaunti ya Busia. Majibu hayo matatu yote yamewahi kujaribiwa, mengine huko huko Busia, na yakapimwa. Nimeona nieleze yaliyopatikana, kwa sababu yanatuhusu sisi pia.

Wengi wetu Busia tunaijua kwa malori. Makasha yanayoshushwa Kilindini huvukia Malaba au Busia kuingia Uganda, na kila mtaa wa Mombasa una dereva aliyewahi kulala foleni huko. Lakini kwa wanaochunguza elimu duniani, Busia ina sifa nyingine. Tangu miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi liitwalo ICS likishirikiana na mwanauchumi Michael Kremer lilifanya majaribio katika shule za msingi za eneo hilo. Shule ziligawanywa bila upendeleo, baadhi zikaanza kupata msaada na nyingine zikasubiri, kisha watoto wakalinganishwa. Ni namna ile ile dawa mpya inavyopimwa. Mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hii.

Vitabu na zawadi

Jaribio la vitabu lilianza 1996 katika shule 100 za Busia na Teso. Shule 25 zilitangulia kupewa vitabu vya kiada. Kila mtu alitarajia alama zipande. Hazikupanda kwa wastani. Walionufaika ni wale watoto waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Sababu haiko mbali: vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Mtoto wa Matayos huongea Kikhayo nyumbani, wa Malaba huongea Kiteso, Kiswahili huja baadaye, Kiingereza kikawa lugha ya tatu. Ukimpa kitabu asichoweza kukisoma, umempa mzigo wa kubeba.

Zikajaribiwa pia chati kubwa za kufundishia sayansi, hesabu, afya na jiografia, katika nusu ya shule 178. Alama hazikubadilika.

Kisha zikaja zawadi. Mwaka 1998 na 1999, walimu wa shule 50 kati ya 100 waliahidiwa zawadi wanafunzi wao wakifanya vizuri katika mtihani wa wilaya. Zawadi kubwa ilikaribia asilimia 43 ya mshahara wa mwezi. Alama zikapanda kweli. Lakini walimu hawakuhudhuria darasani zaidi ya awali, wala hawakuongeza kazi ya nyumbani. Walichoongeza ni vipindi vya kujiandaa kwa mtihani. Zawadi zilipokwisha, faida nayo ikatoweka.

Nyuma ya darasa langu

Niliposoma matokeo hayo nilikuwa tayari nimefika Busia, na sikushangaa sana, kwa sababu nilikuwa nimejiona mwenyewe. Nilikuwa na darasa la nne lenye watoto zaidi ya sitini. Nilijiona mwalimu hodari. Nikiuliza swali mikono inapaa, jibu linakuja, tunasonga mbele, silabasi inakwisha kwa wakati.

Siku moja mwalimu mkuu wetu, mama mmoja mtaratibu, akaniambia, “Mwalimu, kesho naomba nikae darasani mwako.” Nikadhani nimeshtakiwa. Akakaa nyuma na karatasi aliyochora madawati yote, na kila nilipomsemesha mtoto alitia alama. Kipindi kilikuwa cha dakika 35. Baada ya kipindi akanionyesha karatasi. Nilikuwa nimewasemesha watoto tisa, karibu wote wa safu za mbele.

Akaniuliza kwa upole, “Na hawa wengine, Mwalimu, utawafundisha lini?”

Jioni ile nikamwita msichana mmoja wa safu ya mwisho. Daftari lake lilikuwa safi na mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Nikamwomba anisomee mistari miwili aliyoiandika asubuhi. Hakuweza. Alikuwa akinakili ubaoni maumbo ya herufi kama mtu achoraye maua ya leso. Miaka yote minne amekuwa akipata vema za usafi, na hakuna mwalimu aliyejua, nami nikiwa mmoja wao. Nilipowapima wenzake, nikakuta wengine kumi na saba wa hali yake. Mmoja wa safu ile alikuwa ameacha shule muhula uliotangulia, na mimi nilikuwa nimeandika tu “hayupo” kwenye rejista.

Tangu hapo mwalimu mkuu alikuja kila baada ya wiki mbili, nami nikaenda kukaa kwake. Alinifundisha mambo madogo: kuuliza kwa kufuata orodha ya majina, kungoja mtoto afikiri kabla ya kumrukia mwingine, kuwatenga wasiosoma kwa dakika ishirini kila siku na kuanza nao sauti za herufi. Hakuna semina ya hoteli iliyowahi kunisaidia kiasi hicho. Yule msichana alimaliza mwaka akisoma aya fupi ya Kiswahili, polepole. Aliyeacha shule hakurudi.

Kwale waliweza

Usiseme hayo ni ya Busia tu. Hapa kwetu Kwale, kuanzia 2010, mradi wa HALI ulifanyika katika shule 101. Katika takriban nusu yake, walimu wa madarasa ya chini walipata mafunzo mafupi ya kufundisha kusoma, masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua, na kila wiki ujumbe wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto wao walipiga hatua katika kusoma. Tena, walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, huku shule nyingine ikiwa 5.3. Mtoto anayeelewa darasani ana sababu ya kurudi kesho.

Serikali nayo ilijaribu mpango wa PRIMR kuanzia 2011 hadi 2014. Ulilinganisha mafunzo na ziara za wakufunzi peke yake, kisha pamoja na vitabu, kisha pamoja na vitabu na mwongozo wa mwalimu. Mseto kamili ndio uliofaa zaidi. Kutokana na hilo ukazaliwa mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015: kila mtoto na kitabu chake kilicholingana na kiwango chake, kila mwalimu na mwongozo, na afisa wa mitaala aliyeingia darasani na kishikwambi, akasikiliza watoto wakisoma, kisha akakaa na mwalimu kumwelekeza.

Hapo ndipo kitabu kile kile kilichoshindwa Busia 1996 kinapata kazi. Kitabu, semina na ziara hutegemeana. Ukiondoa kimoja, vilivyobaki hulegea.

Tuombe nini?

Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, ilitangaza mafunzo ya lazima kwa walimu, kila mmoja ajilipie shilingi 6,000 kwa mwaka. Vyama vya walimu vilipinga, na zogo likawa kubwa. Mimi sipingi mwalimu kuendelea kusoma. Swali langu ni moja: mafunzo hayo yanafika darasani? Mwalimu akipata cheti na hakuna mtu anayekuja kuketi nyuma ya darasa lake, atarudi kuwasemesha wale tisa.

Kwa hivyo wazazi wenzangu, mkiitwa mkutano wa shule msiishie kwenye paa, lango na alama za wastani. Muulizeni mwalimu mkuu kwa heshima: walimu wetu hutembeleana madarasani? Afisa wa mitaala alikuja lini mara ya mwisho, na alikaa muda gani? Wasiojua kusoma ni wangapi, na majina yao ni nani? Shule yenye majibu iungeni mkono. Isiyo nayo isaidieni kuyatafuta, bila kumtusi mtu.

Na leo jioni mwanao akirudi, usitazame mwandiko wala alama za vema. Mwambie akusomee alichoandika.