Je, Wajua? Tanga la ngalawa laumbua somo la bawa

Vitabu vingi vya urubani, katika nchi mbalimbali, vimefundisha kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia ili iwahi kukutana na ya chini, eti kwa kuwa njia yake ni ndefu. Hazikutani, ya juu hutangulia. Tazama ngalawa ikibisha nje ya Shangani, Mtwara: tanga ni kitambaa tu, pande zake zina urefu uleule, na bado linavuta chombo kwa kuupinda upepo. Atasema mtu, mbona marubani waliofundishwa hivyo wanaruka salama? Kweli, lakini pembe ya bawa na upepo ikizidi kiasi, bawa huishiwa nguvu hata ndege ikiwa na kasi, na nadharia ya njia ndefu hailielezi hilo. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, kinamtaka rubani ajue kanuni za kuruka. Wakufunzi, anzeni na pembe.