Sitiari kama Hoja: Istilahi za Mkakati wa Biashara katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza makala tatu za jarida la Harvard Business Review zilizoathiri sana fikra za usimamizi wa biashara. Hoja yetu ni kwamba sitiari zilizomo si pambo, bali ndizo zinazobeba hoja. Hivyo, istilahi inayopoteza sitiari huweza kupoteza hoja yenyewe.

2.0 Sitiari Tatu

Mwaka 1960, Theodore Levitt alieleza kudidimia kwa biashara kwa sitiari ya kasoro ya macho. Kampuni za reli za Marekani, alidai, hazikudhoofika kwa kukosa abiria wala mizigo. Zilijiona kuwa zimo katika biashara ya reli badala ya usafirishaji, zikawaachia wateja wenye magari, malori na ndege.

Mwaka 1987, Henry Mintzberg alimlinganisha meneja na mfinyanzi: mkakati haukamiliki kichwani kabla ya kazi, bali huumbika pia mikononi kazi ikiendelea.

Mwaka 1990, C. K. Prahalad na Gary Hamel waliifananisha kampuni na mti. Bidhaa anazoziona mnunuzi ni majani, maua na matunda. Umahiri unaozilisha ni mizizi. Kwa Honda, ustadi wa injini ndio uliozaa magari na pikipiki.

3.0 Uundaji wa Istilahi

Dhana ya Levitt haihitaji neno la kitabibu. Kiswahili tayari husema "kutoona mbali" kwa maana ya macho na ya busara pia. Mfinyanzi naye hana utata: wafinyanzi wengi wa jadi wa Afrika Mashariki hufinyanga bila gurudumu, lakini hoja ya mikono inayofikiri hubaki palepale.

Tatizo liko kwenye mti. Tukisema "umahiri wa msingi", tunahama kutoka mti hadi nyumba; msingi hubeba, haulishi. Isitoshe, kwa mazoea ya "shule ya msingi" na "mahitaji ya msingi", mwanafunzi aweza kudhani kuwa ni ujuzi wa kuanzia ambao kila kampuni inao, ilhali waandishi walikusudia ule ambao washindani huona vigumu kuuiga. Tunapendekeza "umahiri-mzizi".

4.0 Hitimisho

Mwundaji istilahi hana budi kusoma hoja nzima kabla ya kuteua neno. Asipofanya hivyo, neno litaenea, na dhana itabaki nyuma.