Fahamu: Kamera ndogo ya bei nafuu ipimwe kwa lenzi, si megapikseli

Mnunuzi wa Bariadi anayetaka kamera ndogo ya matumizi ya kila siku asihadaike na megapikseli zilizoandikwa kwenye boksi. Kihisi cha kamera nyingi za aina hii kina upana wa takriban milimita 6; kukigawa katika pikseli milioni 20 badala ya 12 hakukiongezei mwanga, na ukumbini usiku picha hutoka na chenga. Faida halisi ya kamera hiyo ni zumu ya lenzi: humvuta karibu mcheza ngoma aliye katikati ya uwanja wa Nanenane, Nyakabindi, ilhali zumu ya kidijitali hukata tu kipande cha picha na kukikuza. Wapo wasemao simu inatosha. Kwa picha za karibu, ni kweli. Ndiyo maana kamera isiyo na zumu ya lenzi haistahili fedha yako.