Mafuta ya samaki na macho ya nyanya

Nyanya akianza kulalamika kwamba fremu ya mlango imepinda, au kwamba maneno ya katikati ya ukurasa wa Biblia yamemezwa na kiwingu, wengi wetu husema ni mtoto wa jicho. Huenda sivyo. Kuna ugonjwa wa uzeeni unaoharibu kitovu cha retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalonasa picha.

Retina ina mafuta mengi ya aina ya omega-3, kama yaliyomo kwenye samaki. Watafiti waliona pia kwamba walaji wa samaki hawapatwi sana na ugonjwa huu. Ndipo vidonge vya mafuta ya samaki vikapata soko, na si rahisi hata kidogo!

Lakini utafiti wa Marekani uitwao AREDS2, uliotangazwa mwaka wa 2013, ulihusisha watu zaidi ya 4,000 ambao macho yao yalikuwa yameanza kuharibika. Waliopewa vidonge hivyo hawakupata nafuu kuliko wenzao.

Pesa hizo heri zinunue omena na sukuma wiki. Mboga hii ina luteini, rangi inayoikinga retina, nayo huhitaji mafuta kidogo ili mwili uifyonze. Kwa hivyo usiichemshe kwa maji matupu. Na babu aache sigara.

Mlango ukipinda ghafla, usingoje Krismasi. Mpeleke nyanya kwa daktari wa macho juma hilo hilo, kwani aina moja ya ugonjwa huu hutibiwa kwa sindano, ikiwahiwa.