Roboti Ikiruka Angani, Kagua Vipimo Kwanza
Anayeanza kujifunza Gazebo, programu ya kuigiza mwendo wa roboti iliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Southern California, huweza kukutana mapema na kioja: roboti ya magurudumu inatetemeka, kisha inaruka angani. Wapo wanaofuta programu nzima na kuisakinisha upya. Naona wanapoteza muda, kwa kuwa mara nyingi kosa limo katika maelezo ya roboti yenyewe. Gazebo hupima kwa mita na kilo. Umbo lililochorwa kwa milimita, likiingizwa bila kugeuzwa, huwa kubwa mara 1,000. Tena kila kipande kinahitaji uzito na kiasi cha ukinzani wake dhidi ya kuzungushwa. Gurudumu zito lililopewa ukinzani mdogo kupindukia huvuruga hesabu, ambazo kwa kawaida hurudiwa kila sekunde 0.001 ya muda wa uigaji.

Yupo atakayesema kompyuta yake ni dhaifu. Huenda ni kweli, na inauma kwa asiyeweza kununua nyingine. Lakini udhaifu huo kwa kawaida huchelewesha saa ya ndani ya programu, hauirushi roboti. Basi, ili kulipata kosa, aweke mchemraba mmoja kwenye sakafu ya Gazebo. Ukitulia, aongeze gurudumu moja, ajaribu tena.